Vyombo vya uani na winta ya Minnesota: gereji, besimenti au nje chini ya turubai?

Bi_Mkunazi

Hamjambo ndugu zangu. Niko Saint Paul, Minnesota. Nina vyombo vya uani ambavyo nataka vivuke winta salama, na kila ninayemuuliza ana lake. Wengine wanasema ingiza kila kitu ndani penye joto, wengine wanasema tupia turubai, basi. Naomba majibu ya wanaojua, na sababu pia, maana nikishajua sababu nitaweza kuamua mwenyewe.

Kuna meza ya alumini yenye kioo juu, sentimita 150 kwa 90, unene wa kioo milimita 5, na tundu la mwavuli katikati. Viti 6 vya bomba la alumini vyenye kitambaa cha wavu. Viti 2 vya kusukwa kwa plastiki juu ya fremu ya chuma. Viti 4 vyeupe vya plastiki, vile vya kupangana. Mwavuli na kitako chake cha kujazwa maji, lita 50 hivi. Mito 10 ya kukalia. Jiko la gesi la kuchomea nyama na mtungi wa kilo 9. Na ninachokionea uchungu zaidi: benchi la mvule lililotoka Lamu, urefu sentimita 140, limeungwa kwa ulimi na tundu bila msumari hata mmoja. Ubao wa kukalia ni mmoja mzima, upana sentimita 30. Halina rangi wala vanishi.

Sehemu nilizo nazo: gereji isiyo na hita, ukitoa gari inabaki nafasi ya mita 2 kwa 3, na besimenti yenye joto na kavu. Besimenti ndogo, lakini benchi litaenea. Je, niliingize humo?

FundiBomba

Salama Bi Mkunazi. La benchi namwachia seremala. Mimi nishike alumini, kioo na plastiki.

Baridi peke yake haivunji alumini wala kioo. Kinachovunja ni maji yaliyonaswa mahali yasipoweza kutoka. Yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba jembamba la kiti haliwezi kushindana nayo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "niweke wapi", uliza "maji yamejificha wapi".

Kwenye viti vya bomba, mvua huingia kupitia tundu za skrubu na kwenye ule mfereji unaoshika kitambaa. Hushuka ndani ya mguu hadi ikutane na kizibo cha plastiki cha chini, hapo inakaa tangu Julai bila mtu kujua. Mguu hupasuka kwa wima, juu kidogo tu ya kizibo. Fanya hivi: inua kiti kimoja kimoja, kitikise karibu na sikio, sikiliza. Maji yakicheza ndani utayasikia. Chomoa vizibo kwa bisibisi bapa, lalia kiti ubavu, kisha kigeuze miguu juu, kisha ubavu wa pili, dakika chache kila upande. Kiache usiku mzima kimeinama ili matone ya mwisho yatoke.

Halafu toboa tundu la kudumu la milimita 5 mahali pa chini kabisa pa kila mguu. Kama miguu imepinda na bomba linalala chini kama reli, toboa kwa chini, karibu na kila kona. Gonga kwanza alama kwa msumari na nyundo ili biti ya drili isiteleze, ukimaliza futa kingo kwa msasa. Alumini haihitaji rangi kwenye tundu hilo. Lakini vile viti vyako viwili vya kusukwa vina fremu ya chuma: ukitoboa huko, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, la sivyo kutu itaanzia ndani na utaiona wakati mguu umeshalika.

Kioo: kitoe kwenye meza. Kioo cha aina hii kimepikwa kiwe kigumu, uso wake unavumilia mengi, ila ukingo na pembe ndio udhaifu wake. Maji yakikaa kwenye mfereji kati ya kioo na fremu, au ndani ya ile pete ya plastiki ya tundu la mwavuli, yakaganda na kuyeyuka mara kadhaa, husukuma ukingo hadi kioo kizima kimwagike vipande vidogo kama sukari guru iliyopondwa. Kwa vipimo vyako kina uzito wa karibu kilo 17 (kila mita ya mraba huchukua kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene), kwa hiyo muwe wawili. Mvae glavu, na kisiguse sakafu ya zege hata kidogo. Kisimamishe wima kwa upande mrefu, juu ya vipande viwili vya mbao vilivyovikwa zulia, kiegemee ukuta kwa mwinamo mdogo, na mbele yake uweke kitu cha kukizuia kisiteleze. Usikilaze kikabeba vitu juu.

Kitako cha mwavuli mwage maji yote, kisha kigeuze mdomo chini na kizibo ukiache wazi. Maji yakibaki ndani yakaganda yanaweza kukipasua. Wanaojaza mchanga wajue kwamba mchanga ulioloa nao huganda.

Viti vyeupe: tazama chini ya kalio, kuna pembetatu yenye namba. Ikiwa ni 5, hiyo ni polipropilini, na hiyo ikikaribia nyuzi 0 za Selsiasi hugeuka kuwa kitu cha kukatika kama biskuti. Ikitulia haipati shida. Inapogongwa, kuburutwa au kukaliwa kwenye baridi ndipo mguu unaruka. Vipange gerejini mapema, juu yake usiweke kitu, na usivitenganishe kwa nguvu mwezi wa Januari. Ikiwa ni 2, hiyo ni polithini nzito na inavumilia baridi vizuri zaidi.

SeremalaWaMji

Bi Mkunazi, benchi lako usiliingize besimenti. Nasema hili kwanza kwa sababu ndilo kosa linaloharibu fanicha nyingi za mbao za kwetu zikifika huku, na watu hulifanya kwa mapenzi.

Mbao hunywa na kutoa unyevu mpaka zilingane na hewa iliyozizunguka. Kwenye hewa ya Lamu, yenye unyevu wa asilimia 75 hadi 80, mbao hutulia zikiwa na maji kiasi cha asilimia 14 hadi 16 ya uzito wake mkavu. Nje hapo Minnesota, hata wakati wa baridi kali, unyevu wa hewa hukaa karibu asilimia 70, na mbao hubaki kwenye 13 hivi. Gereji isiyo na hita ni karibu sawa na nje. Lakini ndani ya nyumba yenye hita hewa ile ile ya baridi imepashwa moto bila kuongezwa maji, na unyevu wake hushuka hadi asilimia 20 au 25. Hapo mbao huteremka hadi asilimia 5.

Tofauti ya pointi 10 hivi. Kwenye ubao wako wa sentimita 30 hiyo ni karibu milimita 5 za kusinyaa kwa upana. Kama ubao umebanwa pande zote mbili na fremu, haupati pa kwenda, kwa hiyo hupasuka kufuata nyuzi za mbao, kwa kawaida kuanzia mwisho wa ubao. Na ulimi nao hukonda ndani ya tundu lake: benchi linaanza kuyumba, mtu anaona dawa ni msumari au skrubu, na msumari ule unakuja kuwa chanzo cha ufa wa mwaka unaofuata. Baridi haimdhuru mvule mkavu. Hewa kavu ya hita ndiyo inayomdhuru.

Kwa hiyo: gereji. Na kabla ya gereji, haya.

Lioshe siku yenye joto la nyuzi 10 na zaidi, kwa brashi laini, maji ya vuguvugu lita 4 na robo kikombe cha sabuni ya vyombo. Sugua kufuata nyuzi. Mashine ya maji ya msukumo usiiguse, inachimba sehemu laini za ubao na kuacha uso kama mgongo wa samaki uliopaliwa vibaya. Suuza, kisha liache kivulini penye upepo siku 4 au 5. Kivulini, si juani, ili upande mmoja usikimbilie kukauka kabla ya mwingine.

Ule uso wa kijivu usikutie wasiwasi. Ni ngozi ya juu tu, haifiki hata milimita, na chini yake mvule uko vile vile. Ukitaka rangi yake ya dhahabu irudi, msasa namba 120 kisha 180 utaitoa, lakini fanya hivyo majira ya kuchipua.

Usilipake mafuta sasa. Mafuta ya kitani yaliyopakwa Oktoba hayakauki vizuri kwenye baridi, yanabaki yanata, na ukungu huyala. Utakuta madoa meusi Aprili. Kwa mbao kama msaji na mvule mafuta ni pambo, si kinga. (Na siku ukiyatumia mafuta ya kitani, vitambaa ulivyofutia usivikunje ukavitupa kwenye pipa: vinajipasha moto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke, au vilowe ndani ya ndoo ya maji.)

Cha kufanya sasa ni nyayo za miguu. Mwisho wa ubao hunywa maji kama mrija. Geuza benchi, zisugue nyayo kwa msasa, kisha ziyeyushie nta ya mshumaa, ipake ikiwa ya moto ili iingie ndani, tabaka 2. Halafu lisimamishe juu ya vipande vya plastiki au vigae, sentimita 5 juu ya sakafu. Lifunike shuka kuukuu la pamba lizuie vumbi. Usilizungushie plastiki.

Bi_Mkunazi

Fundi SeremalaWaMji, ahsante sana, umeniokoa. Kuna nyufa ndogo tatu mwishoni mwa ubao wa kukalia, kila moja urefu wa sentimita 2 hadi 3. Nizizibe kabla ya baridi?

SeremalaWaMji

Usizizibe sasa. Ukizijaza gundi ngumu au unga wa mbao wakati ubao umesinyaa, ukija kuvimba majira ya joto ile gundi inakuwa kabari na kuupasua zaidi. Chora mstari mwembamba wa penseli mahali ufa unapoishia, uandike tarehe. Aprili tazama kama umevuka mstari. Usipovuka, achana nao. Paka nta ile ile ya moto kwenye mwisho wa ubao, inapunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, na kasi ndiyo inayopasua.

KushiniNaForonya

Mito sasa, dada Mkunazi. Mito ndiyo pekee katika orodha yako inayostahili kuingia ndani ya nyumba, na kwa sababu mbili: ukungu na panya. Panya hupita kwenye tundu la milimita 6, unene wa penseli, na sponji kwake ni kitanda kilichokwisha kutandikwa. Gereji ya Minnesota mwezi wa Novemba ina wageni hao, usifikiri yako haina.

Fungua zipu, toa foronya, zioshe mbali na sponji. Maji ya vuguvugu, si ya moto, yanakunja kitambaa. Kama kitambaa ni akriliki iliyotiwa rangi tangu uzi, na kina madoa ya ukungu, changanya kikombe 1 cha jiki na robo kikombe cha sabuni laini katika lita 4 za maji, paka, acha dakika 15, sugua kwa sponji, suuza mpaka maji yatoke safi. Jaribu kwanza upande wa ndani wa pindo. Kitambaa cha poliesta au cha pamba usikitie jiki, kitapauka. Na jiki isikutane na siki wala amonia, hewa inayotoka ni sumu.

Kosa kubwa liko kwenye kukausha. Foronya hukauka kwa saa chache, sponji nene ya sentimita 10 huchukua siku 2 hadi 3 hata kukiwa na upepo. Juu unaona kavu, katikati ni mbichi. Isimamishe kwa ubavu, upande wa zipu ukiwa chini, maji yashuke yatoke. Kila nusu siku igeuze. Kupima: weka karatasi ya shashi kati ya viganja na sponji, kandamiza katikati kwa nguvu zote, hesabu hadi 10. Karatasi ikitoka na unyevu hata kidogo, bado.

Uhifadhi: sanduku la plastiki gumu lenye mfuniko wa kubana, au mfuko wa kitambaa juu ya kabati. Ile mifuko ya kunyonya hewa usitumie. Sponji ikibanwa miezi 6 hairudi unene wake wote, utakaa juu ya chapati. Na usiweke vitu vizito juu ya mito kwa sababu hiyo hiyo.

Kitambaa cha mwavuli nacho kioshe hivyo hivyo, ukikaushe mwavuli ukiwa wazi siku 2, kisha ufunge bila kuubana sana na uutundike ukiwa wima. Ukilazwa chini ya vitu mbavu zake zinapinda.

MtungiSalama

La gesi ni fupi lakini tafadhali lizingatieni. Mtungi usiingie ndani. Si besimenti, si gereji. Gesi ya propeni ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Ikivuja haipandi juu ikaondoka, inatambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini, na besimenti ndipo mahali pa chini kuliko pote nyumbani kwako, tena pana boila yenye moto. Baridi haiudhuru mtungi, maana propeni huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya 0.

Funga valvu, tenganisha bomba, weka kizibo mdomoni mwa valvu. Usimamishe wima nje juu ya tofali, mbali na milango, madirisha ya besimenti na lile tundu la kutolea hewa ya mashine ya kukaushia nguo. Jiko lenyewe, likishatenganishwa, ruksa gerejini.

Kabla ya kulifunika, safisha sinia la mafuta yote, la sivyo unawaandalia panya karamu. Paka vichomeo mafuta kidogo ya kupikia. Na funga midomo ya mirija ya gesi, pale inapounganika na vichomeo, kwa karatasi ya foili: buibui wadogo hupenda kusuka humo, na utando ukiziba mrija, siku ya kuwasha moto unarudi nyuma kwenye vitufe. Andika kwenye karatasi "TOA FOILI" uibandike juu ya kifuniko cha jiko, usije ukasahau. Ukiunganisha tena, pima kwa maji ya sabuni nusu kwa nusu kwenye kila kiungo. Povu likivimba, funga.

Ghorofa7

Naomba kudandia. Sisi tulio kwenye ghorofa, Toronto hapa, hakuna gereji wala besimenti. Roshani ya mita 1.5 kwa 4, meza ndogo ya chuma na viti 2 vya msaji vya kukunja. Turubai linatosha?

FundiBomba

Ndugu Ghorofa7, kwanza soma mkataba wa nyumba, majengo mengi yana masharti kuhusu kinachoweza kukaa roshanini. Yakiruhusu, turubai lisilofungwa vizuri kwenye ghorofa ya 7 ni tanga la jahazi, upepo utaling'oa pamoja na kiti. Kunja viti, viegemeze ukuta wa nyumba, vifunge na meza kwa mkanda mmoja wa kukaza. Visikae kwenye kingo za roshani mtoto akaja kuvipanda. Usizibe tundu la kutolea maji. Viti vya msaji vya kukunja ni vyepesi: miguu juu ya vigae, shuka juu, vitavuka. Kama una nafasi chini ya kitanda usishawishike, jibu la seremala kuhusu hewa ya hita ni la kwako pia.

Meza ya chuma ipe saa moja kabla ya baridi. Palipo na kutu sugua kwa brashi ya waya, msasa namba 80 kisha 120, futa vumbi, rangi ya msingi, kisha rangi ya juu mara 2. Makopo mengi yanataka nyuzi 10 na zaidi, na si saa ile unayopaka tu, hata usiku wake.

Turubai_Bluu

Niongeze la kufunika, kwa wasio na namna ila kuacha vitu nje. Turubai si baya, baya ni namna linavyotumiwa.

Watu hulivuta likagusa ardhi pande zote, wakalifunga kama zawadi. Ardhi bado ina joto na unyevu mwezi wa Oktoba. Mvuke unapanda, unagonga plastiki baridi, unageuka matone, unadondokea fanicha. Kila usiku hivyo. Utakuta mbao zimeloa kuliko zingeachwa wazi. Acha sentimita 10 hadi 15 chini ziwe wazi pande zote.

Pili, turubai bapa juu ya meza linafanya bwawa. Weka katikati ndoo iliyofunikwa au kiti kilichogeuzwa, juu yake ubao mmoja wa kuwa mgongo wa paa, ili turubai liteleze pande mbili. Theluji mpya mita moja ya ujazo ina kilo 50 hadi 100, ile iliyoloa ya mwezi wa Machi inaweza kupita 300. Sentimita 30 za hiyo ya Machi juu ya meza kama ya Bi Mkunazi ni karibu kilo 120. Kwa hiyo kioo kisiachwe nje chini ya turubai, hata kwa wiki moja. Na theluji iliyokaa juu ya kifuniko iondoe kwa ufagio, usiipige kwa sepetu.

Tatu, turubai linalopigapiga kwa upepo ni msasa. Mahali linapogusa kona, vika kitambaa kuukuu.

Machi na Aprili ndio wakati wa hatari kuliko Januari. Januari kimeganda, kimeganda, hakisogei. Machi mchana kunayeyuka, maji yanaingia kwenye kila ufa, usiku yanaganda, na kesho tena. Watu hutoa vifuniko siku ya kwanza ya jua na kuviacha vitu wazi. Subirini.

Bi_Mkunazi

Nimefahamu. Basi mpango: mito besimenti, mtungi nje, vingine vyote gereji. Maswali mawili. Nianze lini? Na zile mita 2 kwa 3 nizipange vipi, maana gari linaingia na theluji yenye chumvi ya barabarani na sakafu inakuwa dimbwi.

FundiBomba

Lini: kuosha na kukausha kunahitaji nyuzi 10 na zaidi na siku kadhaa bila mvua, kwa hiyo kwenu ni mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Anza na mito na benchi, ndivyo vinavyochelewa kukauka. Usingoje Novemba: mwaka 1991 theluji ilianza siku ya Halloween (31 Oktoba), na kufikia tarehe 3 Novemba Minneapolis ilikuwa na sentimita 72.

Gereji: hiyo chumvi ni hatari kweli. Inakula chuma, na zege lenye maji linashambulia alumini pia, linaiachia madoa meupe yenye vishimo. Kwa hiyo hakuna kinachokaa moja kwa moja sakafuni. Tandika paleti 2 au mbao za sentimita 5, kisha ubao wa kuziba upande wa gari, urefu wa sentimita 20 hivi, uzuie maji yanayochuruzika kutoka kwenye matairi.

Kioo kitangulie, ukutani kabisa, kona ambayo mlango wa gari haufiki. Benchi la mvule upande wa pili, hewa ipite nyuma yake sentimita 10. Fremu ya meza ifunguliwe miguu: skrubu zote ndani ya mfuko mmoja, mfuko ubandikwe kwa utepe kwenye fremu yenyewe, si ndani ya droo. Skrubu za chuma cha pua zilizoingia kwenye alumini zipake grisi kidogo, la sivyo zinashikana na mwakani utazikata. Viti vya wavu vipange 3 kwa 3 bila vizibo. Vya kusukwa vikae juu ya fremu ya meza: kabla ya hapo kung'uta majani na vumbi kwa brashi kavu, uchafu kwenye msuko unashika maji dhidi ya chuma. Viti vyeupe mwisho, karibu na mlango, ni vyepesi na ndivyo mtakavyovihitaji kwanza.

SeremalaWaMji

Mimi nikumbushe moja tu la benchi. Aprili ukilitoa, usilipeleke moja kwa moja kwenye jua kali. Liache siku 3 au 4 kivulini, tazama ile mistari ya penseli, kisha shika mgongo wa benchi uutikise polepole upande kwa upande. Ukisikia mlio kwenye kiungo, usitie msumari. Niandikie hapa ni kiungo gani na picha ya upande wa ndani, tutajua kama ni cha kukaza kwa kabari ya mvule au kimevimba chenyewe kikarudi mahali pake.